Unga wa lishe wa nafaka 12: mama, unajichosha bure

SEHEMU YA 1

Mama zangu wa Ifakara, Mang'ula, Kidatu, Mlimba, na nyie wa ng'ambo ya mto, Malinyi, Ulanga na Mahenge, leo nagusa pabaya. Wa kukasirika akasirike, ila asome mpaka mwisho ndo anitukane.

Naongelea unga wa lishe. Ule wa "nafaka 12". Orodha mnaijua, inatembea kwenye magrupu kila wiki: mahindi, mchele, ulezi, uwele, mtama, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, maharage, dagaa. (Kwanza hapo nafaka ni sita tu. Soya na maharage ni jamii ya kunde, ufuta ni mbegu, na dagaa sijui nani aliwaingiza kwenye ukoo wa nafaka. Tuendelee.)

Tuangalie kazi yenyewe. Unatafuta vitu 12 sokoni, na nusu yake havilimwi hapa bondeni, vinakuja na malori, kwa hiyo bei unaijua. Unachambua kimoja kimoja. Unaosha. Unaanika kwenye turubai, mtoto mgongoni, jicho moja kwa kuku jingine kwa wingu. Ikinyesha unakimbia. Unakaanga soya, unakaanga karanga, unatoa maganda, unapepeta. Dagaa unawatoa vichwa. Siku ya tatu unabeba mzigo kwenda mashineni, unapanga foleni, na kinu hakijafutwa tangu asubuhi, hivyo unga wako unaanza na dona la mwenzio. Unarudi nyumbani umechoka, una debe la unga, na moyo umetulia: nimemtafutia mwanangu chakula.

Halafu mwezi unaofuata tunakutana kwenye mizani, na kadi inaonyesha mstari umelala.

Huyo mama sio mzembe. Ni mchapakazi kuliko wengi. Ndo maana hasira yangu haiko kwake, iko kwa orodha, na kwa wanaoisambaza. Wamo majirani, wamo wauzaji, na wamo wenzangu wenye sare nyeupe wanaoitoa kwenye benchi la kliniki kama vile imeandikwa kwenye mwongozo.

SEHEMU YA 2

Sasa tupige hesabu. Msikimbie, ni hesabu ya darasa la nne.

Tumbo la mtoto mdogo linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa mwaka mmoja na kidogo mwenye kilo 10, basi, mlo mmoja ni kama mililita 300. Hiyo ni kikombe kikubwa cha chai. Ukilazimisha zaidi anatapika, na unasema mtoto hapendi kula.

Uji mwepesi tunaopika, ule unaotiririka kwenye kijiko, una unga kama sehemu moja kwa kumi. Maana yake kwenye mililita 300 kuna unga gramu 30 tu. Kilichobaki ni maji. Maji safi, ya moto, uliyoyapika kwa mkaa wako.

Gramu 30 hizo zigawe kwa vitu 12. Kila kitu ni gramu 2 na nusu. Karanga gramu 2 na nusu ni punje tatu au nne. Ndiyo mama. Siku tatu za jua, na mtoto amekula punje nne za karanga. Dagaa unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mbegu za maboga, kijiko cha chai hakijai. Na hapo nimegawa sawa kwa sawa. Wote tunajua kwenye debe lako mahindi na mchele ndo wengi na vile vya bei mmeweka nusu kilo nusu kilo. Kwa hiyo punje nne zenyewe ni za heshima tu.

Bakuli hilo lina kalori kama 110 au 120. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili anayenyonya vizuri anahitaji kama 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Zidisha mwenyewe. Ni bakuli karibu tano zilizojaa, kila siku, za uji mtupu. Nani ana mtoto wa hivyo?

Sasa chukua uji wa mchele au wa dona, unga wa kitu kimoja tu, usiotaka sherehe yoyote. Ukishaiva, koroga humo kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa laini. Hicho kijiko peke yake kina kalori zinazokaribia 90. Umekaribia kulifanya bakuli moja kuwa mawili, na umetumia dakika moja.

Karanga ni zilezile. Tofauti ni kwamba ya kwanza umeificha ndani ya debe la wanga, ya pili umempa mtoto.

SEHEMU YA 3

Kuna dada kaniuliza, "Sista, lakini si kuna virutubisho vyote humo?" Vipo. Kama chumvi ilivyo kwenye bahari, na bado hutii maji ya bahari kwenye mboga.

Nafaka nzima, kunde na mbegu zina kitu kinachoitwa faiteti. Kinakamata madini ya chuma na zinki tumboni, yanapita bila kuingia mwilini. Ukirundika nafaka sita na kunde mbili na mbegu mbili kwenye bakuli moja, hujarundika madini tu, umerundika na faiteti pia. Na madini ya chuma ndo tatizo letu kubwa: kwa vipimo vya kitaifa, zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Zaidi ya nusu! Hapa bondeni malaria inaongezea yake. Mtoto huyo hatibiwi kwa kuongezewa uwele kwenye mahindi.

Chuma kinachoingia mwilini kirahisi kiko kwenye nyama, maini, samaki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23 mwaka 2023, na limesema wazi: kitu cha mnyama, iwe nyama, samaki au yai, kila siku; matunda na mboga kila siku; kunde, karanga na mbegu mara kwa mara; vyakula vya wanga vipunguzwe. Vipunguzwe! Sisi tumechukua wanga, tukauchanganya na wanga mwenzie mara sita, tukauita lishe.

Soya nayo. Soya isiyoiva vizuri ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, ndo maana tumbo la mtoto linajaa gesi na choo kinachafuka. Kwenye sufuria mahindi yanawahi, soya inachelewa. Ukizima mahindi yalipoiva, soya mbichi. Ukisubiri soya, uji umekuwa gundi, unaongeza maji, tunarudi kwenye hesabu ya jana.

SEHEMU YA 4

Hii ndo ninayotaka muisome taratibu.

Karanga, ufuta, soya, mbegu za maboga, dagaa: vyote vina mafuta. Kikiwa kizima, mafuta yamejifunga ndani. Ukishasaga, yamekutana na hewa na joto. Na joto la Ifakara mnalijua, saa nane mchana hata mbuzi wanatafuta ukuta. Debe la unga wa namna hiyo halitoboi mwezi bila kubadilika harufu. Mtoto anaonja, anageuza uso. Mama anasema mtoto msumbufu, anaongeza sukari. Sukari inafunika uchungu, uji unanyweka, na kila mtu anafurahi isipokuwa mtoto.

Halafu masika. Machi na Aprili hapa kwetu kila kitu kina unyevu, mpaka kiberiti hakiwaki. Unga uliosagwa kutoka kwenye vitu ambavyo vingine vilikauka na vingine havikukauka sawasawa, ukaufunga kwenye ndoo ya plastiki, umejenga nyumba ya ukungu.

Na kuna ukungu unaotoa sumu. Sumukuvu. Inapenda mahindi na karanga kuliko vitu vyote, yaani inapenda vitu viwili vikuu vya orodha yetu. Haina rangi, haina harufu, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walianza kuumwa tumbo, kuvimba, macho kuwa ya njano. Wagonjwa waliorekodiwa walikuwa 68, na 20 walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi, ya nyumbani kwao, waliyolima wenyewe. Huo ni mlipuko, unaoonekana. Ile ya kila siku, kidogo kidogo, inaharibu ini polepole, na watafiti wanaihusisha pia na watoto kudumaa.

Ukiwa na karanga kwenye ungo, unaona iliyosinyaa, unaona yenye doa la kijani, unatupa. Ukishaisaga na vitu 11 vingine hutaiona tena. Kopo moja la karanga mbovu limeingia kwenye debe zima, na mtoto atakula hilo debe asubuhi na jioni mpaka liishe. Karanga mbovu kwenye mboga ya watu wazima ni siku moja. Kwenye unga wa mtoto ni mwezi.

Kwa hiyo wanaosema "hata kama haisaidii haidhuru", hapana. Inaweza kudhuru.

SEHEMU YA 5

Nimepata majibu ya kutosha, nashukuru hata kwa matusi.

"Mbona sisi tulikua kwa huo uji?" Dada yangu, bibi yako hakuwa na debe la nafaka 12. Alikuwa na uji wa mchele au wa mahindi, na baadaye mchana ulikula ugali na perege wa mtoni kwenye sinia moja na wajomba. Uliokuza ni yule perege.

"Mayai na nyama ni ghali, unga ni wa watu wa hali ya chini." Hii ndo hoja nzito na sitaipita. Maisha ni magumu, mpunga ukiwa haujavunwa hela hakuna. Lakini chukua kalamu. Andika bei ya soya, karanga, ufuta, ulezi, ngano, mbegu za maboga, dagaa, kwa bei ya soko lako wiki hii. Ongeza kusaga. Ongeza mkaa wa kukaangia. Ongeza nauli ya bodaboda kama mashine iko mbali. Siku zako tatu usizihesabu, maana hakuna anayekulipa. Jumla yake gawa kwa bei ya yai moja. Nimeifanya na mama mmoja kliniki, alinyamaza, akasema, "Kumbe ni mayai ya mwezi." Sisemi kila mtu atapata jibu hilohilo. Nasema hakuna aliyekwambia upige hiyo hesabu kabla hujanunua.

Na ukifuga kuku watatu, mayai yapo uani. Tabia yetu ya kuuza mayai yote ili tununue soya ya unga wa lishe, hiyo sina neno lake.

"Basi ninunue wa dukani." Hapana, sikusema hivyo! Ule wa pakiti yenye picha ya mtoto mnene, "nafaka 15", "anaongezeka uzito ndani ya wiki", ni orodha ileile imeongezewa tatu na bei. Na huoni karanga zake kabisa, hata kwenye ungo hazijapita mbele yako.

"Baba mtoto amesema lazima." Mletee hizi posti. Au mpe turubai aanike yeye.

SEHEMU YA 6

Upishi wa nyumbani siupigi vita wote, msinielewe vibaya. Kuna kitu kimoja cha nyumbani kinachostahili kila dakika ya kazi, na ndicho tumekiacha: kimea.

Wanaojua pombe ya kienyeji wanakijua. Unaloweka ulezi, unauacha uchipue siku mbili tatu, unaukausha juani vizuri, unasugua vichipukizi vitoke, unasaga. Kiasi kidogo tu. Pika uji mzito, mzito kweli, kijiko kisimame. Uepue upoe kidogo, uwe wa moto lakini usiounguza, koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea, subiri. Uji unalainika wenyewe mbele ya macho yako bila kuongeza maji. Rudisha jikoni uchemke tena kidogo. Mtoto anakunywa uji laini wenye unga mara mbili ya ule wa kawaida. Watafiti wa lishe wa Tanzania walilifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1980. Sasa hivi ukilitaja kwenye kliniki wanakuangalia kama unauza gongo. Unga wa nafaka 12 umeshinda kwa sababu una orodha ndefu, na sisi tunaamini orodha ndefu.

Kama hutaki kimea, sawa. Pika uji mzito wa kitu kimoja ulicho nacho. Tuko Kilombero, mchele upo. Ongeza kijiko cha karanga ulizochambua mwenyewe ukatwanga jana au leo, au yai lililopigwa ukakoroga uji ukiwa unachemka, au maziwa. Mtoto wa miezi minane anaweza kula chakula cha kuponda: wali na kambale au perege, umetoa miba yote kwa vidole, na matembele au majani ya maboga yaliyokatwa ndogo. Kunde zilizoiva zikapondwa. Ndizi mbivu, papai, embe msimu wake. Mara mbili au tatu kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, mara tatu au nne baada ya hapo, na titi liendelee mpaka miaka miwili na zaidi. Chakula cha familia kinachotolewa kwanza kabla ya pilipili. Hakina jina, hakiuziki, ndo maana hakuna anayekitangaza.

SEHEMU YA 7, haraka haraka, kwa sababu mmeuliza mengine

Juisi ya matembele na soda ya kuongeza damu. Majani yana chuma, ila kinaingia mwilini kwa shida. Soda ina sukari na rangi. Matembele kula kama mboga, weka na ndimu. Mjamzito, meza fefo zako, usizifiche chini ya godoro. Mtoto mweupe viganjani na kwenye macho aletwe apimwe damu na malaria siku hiyohiyo, asipelekwe kwenye blenda.

Maji ya mchele kama maziwa ya kichanga. Tuna mchele mzuri kuliko wote nchini na sibishani na mtu wa Kyela leo, lakini maji yake ni wanga kidogo na maji mengi. Mtoto chini ya miezi sita ni titi tu. Kama maziwa hayatoki, njoo tuangalie anavyoshika chuchu, hapo ndo penye tatizo mara nyingi.

ORS ya kutengeneza kwa sukari na chumvi. Ulifundishwa shuleni, najua: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa bila mlima. Iwe ya usiku wa dharura, ukiwa shambani na pakiti hakuna. Tatizo ni vijiko vyetu havifanani, na chumvi ikizidi mtoto mwenye kuharisha anaharibika zaidi. Pakiti imepimwa tayari, na ina potasiamu ambayo sukari na chumvi havina. Chukua pakiti mbili tatu na vidonge vya zinki kabla masika hayajaanza. Zinki inaliwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekata siku ya tatu. Wengi mnaacha hapo.

SEHEMU YA 8

Mnaohamia mashambani msimu huu, hili ni lenu. Kwenye dungu hakuna mashine, na ndo maana mnasaga debe zima mjini mnabeba. Msibebe unga uliochanganywa. Bebeni mchele, bebeni karanga zikiwa na maganda yake magumu, mtoto akitaka kula mnazivunja, mnazichambua, mnatwanga za siku hiyo. Kunde kavu. Kuku wawili kwenye tenga. Samaki mnawakuta hukohuko. Chandarua kwanza kabla ya sufuria. Pakiti za ORS na zinki ziwe kwenye mfuko mmoja na kadi ya kliniki, msiiache mjini, maana homa ikija usiku mtakimbilia zahanati ya karibu na mhudumu wa pale hamjui mtoto wenu.

Na wewe uliyeniandikia kwamba tayari una ndoo imejaa uliyosaga wiki mbili zilizopita. Fungua, mwaga kidogo kwenye sahani nyeupe, nusa. Ukikuta harufu ya mafuta ya zamani, mabonge, au doa lolote la ukungu, tupa yote, usichague sehemu nzuri, na usiwape hata kuku. Ikiwa safi, wapikieni watu wazima uji wa asubuhi muumalize wiki hii. Mtoto mpikie mwingine.